Umeme upi unaifaa nyumba yako? Mwongozo kamili wa kulinganisha gharama za umeme wa nyumbani Mtwara na Lindi

Mteja wa umeme wa nyumbani katika mikoa ya Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, hana kampuni nyingi zinazomgombania kama mkazi wa Texas nchini Marekani, ambako tangu mwaka 2002 wateja wengi hujichagulia muuzaji wa umeme, au kama mkazi wa Uingereza, ambako soko la umeme wa majumbani lilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwetu umeme wa gridi huuzwa na TANESCO, shirika la umeme la taifa, na bei yake hupitishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Hata hivyo machaguo yapo, tena ni mengi kuliko wengi wanavyodhani: kuna kundi la bei ambalo mita yako imewekwa, kuna sola ya mkopo inayolipwa kila siku kwa simu, kuna sola ya kununua mwenyewe kwa fedha taslimu, kuna jenereta, na kwa mpangaji kuna suala la kuchangia LUKU moja, yaani mita moja ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, na wenzake au kuomba mita yake.

Ugumu unatokana na kwamba kila chaguo hutajwa kwa kipimo chake. LUKU hutajwa kwa uniti, sola ya mkopo kwa siku, jenereta kwa lita, na mwenye nyumba hudai kwa kichwa au kwa idadi ya taa. Mtu akisikia “shilingi elfu moja tu kwa siku” huona nafuu, ilhali hajaambiwa elfu moja hiyo inampa umeme kiasi gani. Mwongozo huu unarudisha kila kitu kwenye kipimo kimoja: shilingi kwa kila uniti unayoitumia kweli, kwa muda wote ambao utakuwa na chombo hicho. Uniti moja ni kilowati moja inayotumika kwa saa moja, yaani wati 1,000 kwa saa.

Hatua ya kwanza: yajue matumizi yako kabla ya kuuliza bei

Chukua daftari, uorodheshe kila kifaa, wati zake na saa kinazowaka kwa siku. Zidisha wati kwa saa, gawanya kwa 1,000, kisha zidisha kwa siku 30. Tuchukue mfano wa nyumba ya familia pale Mtwara mjini. Taa 5 za wati 9 zikiwaka saa 5 hutumia karibu uniti 6.75 kwa mwezi. Televisheni ya wati 50 kwa saa 5 hutumia uniti 7.5. Feni ya wati 60 kwa saa 8 za usiku, ambayo kwa joto la pwani yetu si anasa, hutumia uniti 14.4. Friji ndogo inayokula uniti 1.2 kwa siku hufikisha 36. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa 2 kwa wiki huongeza kama 8.6, na simu za nyumba nzima tuseme uniti 1. Jumla ni uniti 74.25 kwa mwezi, na utaona hivi punde kwa nini nambari hiyo ni muhimu sana.

Friji ndicho kifaa kinachowadanganya watu wengi, kwa sababu injini yake huwaka na kuzima yenyewe, na iliyozeeka au yenye mpira wa mlango uliolegea huweza kula mara mbili ya mpya. Usikisie. Itazame mita yako: kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu nayo pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila uniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Zima kila kitu isipokuwa friji, subiri injini yake ianze kunguruma, kisha hesabu mipepeso kwa dakika 15. Ukipata mipepeso 25 kwenye mita ya aina hiyo, friji imetumia wati-saa 25 katika robo saa, maana yake inavuta wati 100 wakati injini inafanya kazi. Kwa kuwa injini hupumzika, ukitaka matumizi ya siku nzima soma uniti zilizobaki jioni na usome tena asubuhi, wakati ambapo vifaa vingine vimezimwa, kisha gawanya tofauti kwa saa zilizopita na uzidishe kwa 24. Mita yako ina ukweli zaidi kuliko karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa friji.

Hatua ya pili: jua umo kundi gani la bei

Hapa ndipo penye fedha nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwa mujibu wa agizo la bei la EWURA la mwaka 2016, ambalo ndilo nililolitumia katika hesabu zote za mwongozo huu, mteja wa nyumbani huwa katika kundi D1 au T1. D1 ni la wateja wadogo wa majumbani ambao wastani wa matumizi yao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti 75 za kwanza huuzwa shilingi 100 kila moja, na kila inayozidi huuzwa shilingi 350. T1 ni la matumizi ya kawaida, likiwamo la nyumba zinazotumia zaidi, maduka na mashine ndogo, na kila uniti ni shilingi 292 kuanzia ya kwanza. Makundi yote mawili hayana malipo ya huduma ya kila mwezi.

Juu ya bei hiyo huongezwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18, tozo ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) ya asilimia 3 na tozo ya EWURA ya asilimia 1. Kwa hesabu hiyo uniti ya D1 humfikia mteja kwa shilingi 122, ile inayozidi 75 kwa shilingi 427, na uniti ya T1 kwa shilingi 356.24. Kodi na tozo huweza kuguswa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo asilimia utakazozikuta kwenye risiti yako ndizo za kufuata.

Wapo wakazi wengi wa Kusini ambao huuliza, na swali lao ni la haki, kwa nini gesi inayotoka Mnazi Bay na Songo Songo haijawapunguzia bei ya uniti. Jibu la kihesabu ni kwamba bei ya TANESCO ni moja kwa nchi nzima: mteja wa D1 aliyeko Madimba, jirani na mtambo wa kusafisha gesi, hulipa uniti kwa bei ileile ya mteja wa D1 aliyeko Mwanza. Unafuu wa mkazi wa hapa, kwa hali ilivyo, unapatikana kwa kuwa katika kundi sahihi.

Na kuwa kundi lisilo sahihi kunauma. Nyumba inayotumia uniti 60 kwa mwezi ikiwa D1 hulipa shilingi 7,320. Ikiwa T1 hulipa shilingi 21,374 kwa umeme uleule. Tofauti ni zaidi ya shilingi 14,000 kwa mwezi, yaani karibu shilingi 168,650 kwa mwaka, na wapo wajane na wazee wanaoishi na taa na redio tu huku mita zao zikiwa T1 kwa sababu aliyekuwa akiishi humo kabla yao alikuwa na duka. Kulijua kundi lako chukua risiti, tafuta gharama ya umeme peke yake kabla ya kodi na tozo, uigawanye kwa uniti ulizopewa. Ukipata 100 uko D1, ukipata 292 uko T1. Kama wastani wako wa miezi kadhaa hauvuki 75, nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya ukiwa na namba ya mita na risiti zako, uombe kwa maandishi kuhamishiwa D1.

Mpaka huo wa uniti 75 una jambo lingine. Nyumba ya mfano wetu hutumia uniti 74.25 na hulipa kama shilingi 9,058. Wakinunua feni ya pili iliyo sawasawa na ya kwanza, matumizi yanafika uniti 88.65 na malipo yanapanda hadi karibu shilingi 14,979. Feni ya kwanza inawagharimu shilingi 1,757 kwa mwezi, ya pili inawagharimu shilingi 5,920, ingawa zinapuliza upepo uleule. Tena wakizoea kuvuka 75, wastani wao unawatoa kwenye sifa ya D1, na ndani ya T1 matumizi hayohayo ya 88.65 yatakuwa shilingi 31,581. Kwa hiyo kabla ya kuongeza kifaa, piga hesabu ya uniti zinazobaki chini ya mpaka. Kubadilisha mpira wa mlango wa friji au kupiga pasi nguo za wiki nzima kwa mara moja huweza kusaidia kutengeneza nafasi ya feni ya pili.

Kwa sababu hiyohiyo, mteja wa D1 asinunue umeme wa miezi miwili kwa mpigo. Mfumo huhesabu uniti ulizonunua ndani ya mwezi. Zikipita 75 utalipia ziada kwa bei ya juu hata kama ulikusudia kuzitumia mwezi ujao.

Hatua ya tatu: soma risiti yote

Watu husema umeme umepanda bei kumbe kilichobadilika ni makato. Mteja wa T1 akinunua umeme wa shilingi 10,000 bila makato mengine hupata kama uniti 28. Akinunua kwa mara ya kwanza katika mwezi, na nyumba ikawa inalipa kodi ya majengo kwa LUKU, hukatwa kwanza shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, kisha shilingi 8,500 zilizobaki humpa uniti 23.86. Akigawanya 10,000 kwa 23.86 ataona uniti ni shilingi 419, na ulinganisho wake wote na sola utaharibika. Kodi ya majengo ipo hata ukihamia sola nusu nusu, na deni la nyuma, kama lipo, ni deni. Yaondoe yote mawili kwenye hesabu ya bei ya umeme, uyaandike pembeni. Mpangaji naye akumbuke kwamba kodi ya majengo ni ya mwenye jengo, hivyo akiikatwa kwenye LUKU ana haki ya kuzungumza naye ili ipunguzwe kwenye kodi ya chumba.

Hatua ya nne: wapangaji wa LUKU moja

Chukua kaya tatu zenye mita moja, kila moja ikitumia uniti 40, jumla 120. Kila kaya peke yake ingestahili D1 na kulipa shilingi 4,880. Zikiwa pamoja kwenye mita ya T1 zinalipa shilingi 42,749, yaani kama shilingi 14,250 kila kaya. Kufunga mita ndogo kwenye kila chumba kunaondoa ugomvi wa nani ametumia zaidi, na ninapendekeza kufanywe, lakini hakubadilishi bei, kwa kuwa TANESCO inaitambua mita kubwa tu.

Je, inafaa kila kaya kuomba LUKU yake? Kuunganishwa mjini kwa njia moja, ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo, ada yake ni shilingi 320,960. Kaya iliyotajwa itaokoa kama shilingi 9,370 kwa mwezi, kwa hiyo ada itarudi baada ya karibu miaka mitatu. Kwa mpangaji anayehama kila mwaka hiyo si biashara yake, ni ya mwenye nyumba, ambaye atapata wapangaji wanaokaa. Jambo hili lijadiliwe waziwazi wakati wa kuandikishana mkataba wa chumba.

Hatua ya tano: kama nguzo hazijafika, pima sola

Aliyeko kijijini ambako REA imekwisha kupitisha laini aanze na ada ya kuunganishwa ya shilingi 27,000, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko malipo ya awali ya sola ya mkopo. Mwenye nyumba ndogo isiyofungwa nyaya aulize kuhusu kifaa kiitwacho UMETA, Umeme Tayari, ambacho huiwezesha nyumba ya chumba kimoja au viwili kupata taa na soketi bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Kama mkandarasi anatarajiwa, ulizia kwa mwenyekiti wa kijiji ratiba yake kabla ya kusaini mkataba wa miaka miwili wa sola.

Sasa tuupime mkopo wenyewe. Chukulia kifurushi cha malipo ya awali shilingi 50,000, kisha 1,000 kwa siku kwa siku 730, jumla 780,000. Kinawasha taa 3 za wati 2 kwa saa 5, redio ya wati 5 kwa saa 6, na kuchaji simu mbili. Hiyo ni kama wati-saa 76 kwa siku, tuseme 80. Kwa siku 730 umetumia uniti 58.4, na kila uniti imekugharimu kama shilingi 13,356. Kikidumu miaka mitano bila matengenezo, bei inashuka hadi kama shilingi 5,342. Weka nambari za kifurushi ulichoonyeshwa katika hesabu hiyohiyo. Kwa nyumba ambayo haina laini karibu, taa safi bila moshi wa koroboi na simu isiyopelekwa kuchajiwa senta ni vitu vya thamani, na hata kwa bei hiyo mtu anaweza kuamua kununua akiwa anajua anacholipia. Kisichofaa ni aliye hatua chache kutoka kwenye nguzo kuchukua mkopo huo kwa kudhani ni rahisi kuliko LUKU.

Jambo ambalo wauzaji hawaligusi kwetu huku ni msimu wa fedha. Mkulima wa Tandahimba, Newala au Ruangwa hupata fedha za korosho minada ya stakabadhi ghalani inapoanza, kuanzia Oktoba hivi, na baadhi hupata nyingine kwa ufuta na mbaazi. Malipo ya kila siku hayajui msimu, na ifikapo Machi taa zinafungwa kwa mbali. Muulize wakala mambo haya na majibu yawe kwenye karatasi: naweza kulipia miezi sita mbele wakati wa korosho, na je, kuna punguzo nikimaliza mapema? Siku ambazo mtambo umefungwa huongezwa mwishoni mwa mkataba, au huhesabiwa deni? Betri ikifa kabla ya mkopo kwisha nani anabadilisha, na fundi wa karibu yuko Masasi au Dar es Salaam? Nikimaliza kulipa, mtambo unafunguliwa moja kwa moja?

Sola ya kununua mwenyewe

Paneli ya wati 100 kwa jua la Kusini, ukichukua saa 5 za jua kali na kutoa upotevu, hukupa kama wati-saa 350 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu tumia nusu tu, yaani 600. Mfano wa hesabu: mtambo wa shilingi 900,000, betri ya pili ya shilingi 350,000 baada ya miaka mitatu, jumla 1,250,000 kwa miaka sita. Ukitumia wati-saa 350 kila siku utapata uniti 766, na kila moja ni kama shilingi 1,631. Ukitumia nusu ya uwezo huo, bei inakuwa maradufu, kwa hiyo usinunue mtambo mkubwa kuliko daftari lako linavyosema.

Kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 10, paneli ielekee kaskazini kwa mwinuko wa nyuzi 10 hadi 15, mbali na kivuli cha mwembe au mkorosho. Hata tawi moja likifunika sehemu ndogo huweza kushusha umeme kwa kiasi kikubwa. Msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, punguza matarajio. Na kwa wakazi wa Mikindani, Msimbati, Kilwa na fukwe nyingine, hewa ya chumvi hula vichwa vya betri na maungio ya nyaya: safisha, kaza, kisha paka grisi mara kwa mara.

Jenereta nitaipita haraka. Jenereta ndogo ya petroli hutoa takribani uniti 1 hadi 1.5 kwa lita. Kwa petroli ya shilingi 3,000 kwa lita, uniti ni shilingi 2,000 hadi 3,000 kabla ya oili na matengenezo. Ni ya dharura na ya sherehe.

Hatua ya sita: nani anabeba hasara bei ikibadilika

Februari 2021 baridi kali ilipoikumba Texas, bei ya jumla ya umeme ilifika dola 9 kwa uniti, na familia zilizokuwa zimechagua mipango inayofuata bei ya jumla zilidaiwa maelfu ya dola kwa siku chache, wakati majirani wenye bei isiyobadilika katika mkataba walilipa kama kawaida. Swali lile liulizwe hapa pia. Kwenye LUKU bei haibadiliki bila EWURA kupitisha. Kwenye jenereta kila panda-shuka ya petroli ni yako. Kwenye sola ya mkopo bei imefungwa, lakini kipato chako hakijafungwa. Kwenye sola uliyonunua umelipa yote mwanzoni, na betri ndiyo bahati nasibu yako.

Hatua ya saba: amua, kisha kagua

Andika machaguo yako kwenye ukurasa mmoja, kila moja na gharama ya kuanza, shilingi kwa uniti, na tarehe ambazo fedha zitahitajika. Ukiamua kuunganishwa na TANESCO, maombi hupokelewa pia kwa mfumo wake wa mtandaoni uitwao NIKONEKT, na nyaya zifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Usimlipe mtu yeyote taslimu mkononi kwa ajili ya nguzo au mita. Malipo yote yawe na namba ya kumbukumbu.

Baada ya miezi miwili linganisha uniti ulizokadiria na ulizonunua. Zikitofautiana sana, rudia kipimo cha friji usiku, na ukikuta mita inapepesa wakati umezima kila kitu, kuna waya unaovuja au unaokwenda nyumba ya pili. Lalamiko la mita au la kundi la bei lianzie ofisi ya TANESCO ya wilaya, kwa barua yenye nakala uliyogongewa muhuri wa mapokezi. Usiporidhika, lipeleke EWURA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, lipo kwa ajili ya kumsaidia mteja kuandaa na kufuatilia lalamiko lake. Risiti za LUKU zinazokuja kwa ujumbe wa simu zinakiliwe daftarini kila mwezi, kwa tarehe, fedha na uniti, kwa sababu simu ikipotea ushahidi wa wastani wako unapotea nayo.